Mia Moja ya Yamane

Swali huja kwa WhatsApp, aghalabu usiku, na huanza kwa adabu zote: "Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Sampuli ya watu mia moja inatosha?" Wanaoliuliza ni wanafunzi wa elimu, wa uhasibu, wa maendeleo ya jamii, wa afya, wa uvuvi. Wapo wanaokaa hosteli za Malimbe, wapo wa Bugando, wapo walimu na maofisa wa halmashauri wanaokuja Mwanza mwisho wa wiki kutoka Geita, Magu na Bunda kusomea uzamili. Nami huwauliza: inatosha kwa kujua nini? Kinachorudi ni picha ya fomula.

Fomula yenyewe inatoka kwenye kitabu cha takwimu cha Taro Yamane, toleo la 1967. Inasema uchukue idadi ya walengwa wako wote, uigawe kwa moja jumlisha idadi hiyohiyo mara mraba wa kosa unaloweza kulivumilia. Kwa alama: n = N ÷ (1 + Ne²). Naikuta kwenye sura ya tatu ya tasnifu baada ya tasnifu. Huyu kaandika Yamane 1967, yule kaandika 1973, na ni nadra kumkuta aliyewahi kukishika kitabu. Imani iliyoenea vyuoni ni kwamba ukishaiweka hiyo fomula, namba yako imehalalishwa na msimamizi hana tena la kuuliza.

Ninalo la kuuliza. Tena naanza na hesabu, kwa sababu imani hii inajificha nyuma ya hesabu.

Shule tatu zina walimu 80 na umevumilia kosa la asilimia 10. Unagawa 80 kwa 1.8, unapata walimu 44. Kata ina watu 12,000: unagawa kwa 121, unapata 99. Sasa chukua Mkoa wa Mwanza wote, ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872. Unapata 100. Chukua Tanzania nzima, watu 61,741,120 kwa sensa hiyohiyo. Unapata 100. Weka bara zima la Afrika, weka dunia, utabaki na 100 yako mkononi.

Hisabati haijakosea. Watu wakishakuwa wengi, usahihi wa makadirio hutegemea ukubwa wa sampuli, na ukubwa wa umma ilikotoka hauna uzito tena. Kilichokosewa ni kile mwanafunzi anachodhani kimetokea. Anadhani fomula imewatazama walengwa wake, ikawapima, ikampa idadi inayowafaa. Haikufanya hivyo. Ilichofanya ni kugawa moja kwa mraba wa 0.1, na jibu la hapo ni 100 tangu zamani. Angechagua asilimia 5, angepata idadi inayokaribia 400 na isiyovuka hapo kamwe. Kwa hiyo namba iliamuliwa pale alipochagua kiwango cha kosa, na yote yaliyofuata yalikuwa mapambo. Sasa muulize kwa nini alichagua asilimia 10. Ukweli, ambao hauandikwi popote katika tasnifu, ni kwamba madodoso 100 yanabebeka na fedha ya nauli inatosha. Hiyo ni sababu halali kabisa! Mtafiti mwenye fedha kidogo hana haja ya kuona aibu. Aiandike hivyo, kisha atuambie kosa hilo la asilimia 10 linamnyima nini.

Maana linamnyima mengi. Kosa la asilimia 10 maana yake ni kwamba ukikuta nusu ya watu wako wanakubali jambo, ukweli kwenye umma wote unaweza kuwa 40 katika mia, na unaweza kuwa 60. Mtu mmoja atasema jambo hilo linapingwa na wengi, mwingine atasema linaungwa mkono na wengi, na wote wawili wamesimama juu ya data yako. Halafu mwanafunzi hakomei hapo. Kwenye sura ya nne anawagawa wale 100 kwa jinsi: wanawake 50, wanaume 50. Kosa la kila kundi sasa limepanda hadi asilimia 14 hivi. Anagawa tena, wa visiwani na wa bara, na kila kikundi kina watu 25: kosa limefika asilimia 20. Anagawa kwa elimu, kwa ndoa, kwa aina ya zana. Mwisho tunasoma kwamba "asilimia 57.1 ya wavuvi wenye elimu ya sekondari wanapendelea mikopo ya vikundi", na ukihesabu unakuta ni watu wanne kati ya saba. Fomula haikuahidi lolote juu ya hao saba. Ilikuwa inazungumzia kundi zima, kwa swali moja la ndiyo au hapana.

Ndiyo, swali la ndiyo au hapana. Hilo nalo limo ndani ya fomula, limefichwa. Yamane alichukua kanuni ya kukadiria asilimia, akaweka uhakika wa asilimia 95 kwa kukadiria namba 1.96 kuwa 2, akachukulia kwamba umma umegawanyika nusu kwa nusu, kisha vyote vikafutana na kubaki kile kifupi tunachokijua. Ukitafuta wastani wa kipato cha kaya, si swali hilo. Ukitaka kujua kama dawa fulani imepunguza minyoo kwa watoto wa Ukerewe, si swali hilo. Ukitaka kujua wazee wa Ukara wanaelezaje ugomvi wa mipaka ya mashamba, hapo fomula haina hata mlango wa kuingilia. Nimewahi kusoma sura ya tatu iliyokokotoa kwa Yamane idadi ya viongozi wa mila wa kufanyiwa mahojiano ya kina. Aliyeiandika ni mtu mwenye akili zake, na alitenda hivyo kwa sababu aliamini bila fomula hatapita. Imani hiyo tumeilea sisi wasimamizi, kila tunapoweka tiki pembeni ya ukurasa bila kusoma.

Wengine, ukiwakataza Yamane, wanakimbilia jedwali la Krejcie na Morgan la 1970, wanarudi na 384. Ni ukoo uleule. Wameweka kosa la asilimia 5 na kuitumia 1.96 badala ya 2, basi. Turudi kwa wale walimu 80: kwa kosa la asilimia 5, Yamane anakupa 67. Maana yake utapita kwenye shule tatu, uhoji walimu 67, uwaache 13 wamekaa palepale kwenye benchi, kisha utumie kurasa mbili kueleza uliwaachaje. Wahoji wote 80. Ni asubuhi moja ya ziada.

Lakini sharti kubwa kuliko yote, lile linaloiua fomula katika tasnifu nyingi za ukanda wetu, ni sharti la nasibu. Namba ile ina maana pale tu ambapo kila mlengwa alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa kutoka kwenye orodha iliyokamilika. Bila hilo, watu 100 na watu 10,000 wanaweza kukudanganya sawasawa.

Chukua mada ninayoletewa kila mwaka: vipato vya wavuvi wa dagaa. Mwanafunzi ameandika kwamba wavuvi 100 waliteuliwa kwa nasibu katika mwalo. Namuuliza alifika mwaloni saa ngapi. Saa tano asubuhi, kwa sababu basi dogo lilimshusha saa nne na nusu. Namuuliza mwezi ulikuwaje. Hapo ananitazama akidhani nimebadilisha mazungumzo. Sijabadilisha. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Taa huvuta dagaa pakiwa na giza. Mbalamwezi ikishamiri taa hazina nguvu, na wavuvi wengi huegesha. Hivyo mwezi mmoja wa kambi una kipindi cha giza chenye kazi na kipindi cha mbalamwezi ambacho wavuvi wasio na mtumbwi wao wenyewe hurudi kwao au huhamia mwalo mwingine. Hata kwenye giza, mitumbwi inarudi alfajiri. Ikifika saa tano, aliyekesha majini amelala. Waliopo ufukweni ni akina mama wanaoanika na kugeuza dagaa, wachuuzi, matajiri wenye mitumbwi waliokuja kuchukua hesabu zao, na vijana wachache wanaoshona nyavu kivulini. Mwanafunzi anawahoji hao vijana, anamhoji na tajiri wao, anaandika "wavuvi". Kipato cha wastani kinachotoka hapo hakimwelezi mtu yeyote aliyewahi kuvua dagaa.

Mnunuzi mzoefu wa dagaa pale soko la Mwaloni Kirumba haridhiki na dagaa wa juu ya gunia. Anazamisha mkono mpaka chini, anatoa konzi, anatazama mchanga. Idadi ya konzi anazotoa ni jambo la pili. La kwanza ni mkono umefika wapi. Sura ya tatu ipo ili msomaji ajue mkono wako ulifika wapi.

Na hata ukipata nasibu ya kweli ndani ya mwalo mmoja, watu 100 wa kambi moja si sawa na watu 100 waliotoka kambi kumi. Wa kambi moja wanauza kwa mnunuzi mmoja, wanakopa kwa tajiri mmoja, wanakunywa maji yaleyale, wanaugua homa zilezile. Ukishamhoji wa ishirini, themanini waliobaki wanarudia mengi ya yale uliyokwisha kusikia. Yamane halijui hilo. Anadhani kila mtu kaokotwa peke yake kutoka umma wote.

Jambo hili lina mfano mkubwa, na mfano huo umefanyika hapahapa. Kati ya 1991 na 1994, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, pamoja na shirika la AMREF na Chuo cha Usafi na Tiba za Tropiki cha London, waliendesha Mwanza jaribio lililokuja kusomwa dunia nzima. Swali lilikuwa moja: ukiboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya vya kawaida, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua? Walichagua jamii 12, kila moja ikiwa na kituo chake cha afya, wakazipanga jozi sita zinazofanana kwa aina ya mahali: wa visiwani na wa visiwani, wa ufukweni na wa ufukweni, wa kando ya barabara kuu na wenzao. Katika kila jozi, kura iliamua nani aanze kupata huduma iliyoboreshwa na nani asubiri. Kila jamii ilitoa watu wazima wapatao 1,000 wa miaka 15 hadi 54 waliochaguliwa kwa nasibu, wakapimwa, wakafuatwa tena baada ya miaka miwili.

Jumla walikuwa zaidi ya 12,000. Mwanafunzi wangu wa usiku angesema hiyo ni sampuli ya kutisha. Watafiti wenyewe walijua wana sampuli ya 12, kwa sababu kilichopigiwa kura kilikuwa jamii, na uchambuzi wao uliheshimu hilo: walilinganisha jamii na jamii ndani ya jozi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet. Kwenye jamii zilizoboreshewa huduma, asilimia 1.2 ya waliokuwa hawana virusi waliambukizwa ndani ya miaka miwili. Kwenye jamii za kulinganisha ni asilimia 1.9. Ukishasawazisha mambo mengine, punguzo lilikuwa la asilimia 40 hivi.

Mwaka 1999 yakatoka matokeo ya Rakai, upande wa Uganda wa ziwa hilihili, na huko tiba ya magonjwa ya zinaa haikupunguza maambukizi ya virusi hata kidogo. Fikiria ungekuwa waziri wa afya mwaka huo. Mwanza wanasema ndiyo, Rakai wanasema hapana, wote wamepima maelfu, wote wamepanga kwa kura. Unamwamini nani? Watu waliojaribu kulijibu swali hilo hawakwenda kwenye sura ya matokeo, maana matokeo ndiyo yaliyokuwa yanagombana. Walikwenda kwenye mbinu. Wakakuta kwamba Mwanza mgonjwa mwenye dalili alitibiwa kituoni siku yoyote aliyokuja, na dawa zilikuwepo mwaka mzima. Rakai walipita nyumba kwa nyumba kugawa dawa kwa wote, wenye dalili na wasio nazo, kila baada ya miezi kumi, na kati ya mizunguko mtu angeweza kuugua upya. Wakakuta pia kwamba Mwanza virusi vilikuwa kwa watu wazima wapatao 4 katika mia wakati jaribio linaanza, na Rakai walikuwa kama 16 katika mia. Janga la Rakai lilikuwa limekomaa, na maambukizi mengi yalikuwa yanapita kwa njia ambazo dawa za zinaa hazizigusi. Tafiti mbili zilizoonekana kupingana zikaanza kuelezana. Hilo liliwezekana kwa sababu pande zote mbili ziliandika bila kuficha nani alichaguliwa, wapi, lini, alipewa nini, mara ngapi, na wangapi walipotea njiani. Kwa Mwanza, waliopatikana tena baada ya miaka miwili walikuwa asilimia 71, na waliliandika waziwazi.

Mfano wa pili naupita haraka. Tangu 1977 kikosi cha watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilikuwa kikivua samaki aina ya furu kwenye Ghuba ya Mwanza, kwenye mstari uleule wa maji, mwaka baada ya mwaka. Sangara alipofurika ghubani miaka ya 1980 na furu wakatoweka kwa makundi, wao ndio waliokuwa na ushahidi wa namba, kwa kuwa walirudi mahali palepale. Hakuna fomula ya kukuambia urudi mahali palepale. Ni uamuzi wa mtu aliyefikiria.

Sasa turudi kwenye karatasi ya mwanafunzi. Sura ya tatu niliyoizoea huanza hivi: "Kwa mujibu wa Kothari (2004), usanifu wa utafiti ni mpango wa…" Inafuata tafsiri ya umma, tafsiri ya sampuli, tafsiri ya dodoso, tafsiri ya uhalali, tafsiri ya uaminifu. Kurasa kumi na mbili, na tisa kati yake zingekaa sawa kwenye tasnifu ya mtu mwingine yeyote, ya mada yoyote, ya nchi yoyote. Kothari ni kitabu kizuri cha kufundishia, na msomaji wako amekisoma. Ninachotaka ni kukujua wewe ulifanya nini.

Dalili nyingine ni wakati wa vitenzi. Tasnifu imekwisha, data zimechambuliwa, na sura ya tatu bado inasema "mtafiti atawahoji walengwa 100". Imebaki vilevile tangu pendekezo la utafiti. Lakini huko uwandani mambo yalibadilika, na lazima yalibadilika: mwenyekiti wa kitongoji alikuwa msibani, shule mbili zilikuwa kwenye mitihani, watu 17 walikataa, dodoso la Kiingereza halikusomeka na ukalazimika kuuliza kwa Kisukuma na kujaza mwenyewe. Hayo yote ndiyo mbinu zako. Ukiyafuta ili ufanane na pendekezo, umetupa data za thamani kuliko zile ulizoziingiza kwenye programu ya SPSS. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeyasikia mambo hayo kwa midomo ya wanafunzi ofisini, yakisimuliwa vizuri mno, halafu nayatafuta kwenye tasnifu siyaoni.

Tazama tofauti. Aya ya kwanza, ya kawaida: "Utafiti ulitumia uteuzi wa nasibu ili kuepuka upendeleo. Sampuli ya wavuvi 100 ilipatikana kwa fomula ya Yamane." Aya ya pili, niliyoitunga hapa kama kielelezo: "Daftari la kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, la mwalo huo lilikuwa na majina 236, lakini mwenyekiti alitueleza kwamba wengi walioandikwa ni wamiliki wa mitumbwi. Kwa hiyo tuliorodhesha upya mitumbwi yote ya dagaa iliyoegeshwa alfajiri kwa siku tatu za giza, tukapata 48. Tulichagua mitumbwi 24 kwa kura, na katika kila mmoja tukawahoji wote waliovua usiku huo. Mitumbwi mitatu ilikataa. Miwili kati yake ilitumia nyavu zisizoruhusiwa. Mahojiano yalifanyika kwa Kiswahili, na kwa Kisukuma pale mhojiwa alipopenda. Wavuvi waliohama kipindi cha mbalamwezi hawamo, na tunadhani hao ni vijana zaidi kuliko waliobaki." Hakuna fomula hata moja humo. Naweza kuipinga, naweza kuiboresha, naweza kwenda mwakani na kuirudia. Ile ya kwanza siwezi kuifanya lolote.

Basi, kwa wale wenye tarehe ya kukabidhi inayokaribia, haya ndiyo yanayowezekana.

Umma wako haufiki 150: wahoji wote, andika wangapi walikosekana na kwa nini, endelea mbele. Umma mkubwa wenye orodha, kama wanafunzi waliosajiliwa au wateja wa mamlaka ya maji: amua kwanza kundi dogo kabisa utakalolisemea, piga hesabu ya hilo kundi, kisha jumlisha. Ukitaka kosa la asilimia 10 kwa wanawake na kwa wanaume kila upande, unahitaji 100 na 100, ongeza kidogo kwa watakaokataa. Yamane anafaa hapa, kwenye kazi ya aina hii tu, ukieleza kosa ulilochagua na sababu yake. Ukichagua kwa vijiji, shule au mialo, ongeza idadi ya vijiji kabla ya kuongeza idadi ya watu. Vijiji kumi vya watu 15 vinakupa zaidi ya vijiji viwili vya watu 75, na mwambie mtakwimu wako data zimekaa kwa makundi.

Hakuna orodha: tengeneza orodha ya mahali na saa badala ya watu, chagua mahali na saa kwa kura, wahoji wanaopatikana hapo. Kwa uvuvi, anzia kwenye sensa za zana na mialo zinazofanywa chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao Jinja, tangu 2000. Maofisa uvuvi wa wilaya wanazijua, na watu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wapo Mwanza. Ukiwahoji uliowakuta, andika "niliwahoji niliowakuta" na ufute neno nasibu. Hakuna mtahini mwenye akili atakayekufelisha kwa ukweli huo. Wengi watakufelisha kwa neno hilo likiwa la uongo.

Mahojiano ya kina: weka fomula pembeni. Eleza ulitafuta watu wa aina gani na kwa nini hao, ulianza na nani, nani alikupeleka kwa nani, na ulijuaje kwamba hakuna jipya linaloongezeka. Watu 15 waliochaguliwa kwa akili wanatosha kwa kazi nyingi za shahada ya kwanza. Unataka kulinganisha kabla na baada, au wenye mradi na wasio na mradi: usianze bila kuzungumza na mtakwimu, kwa kuwa huko ukubwa wa sampuli unategemea ukubwa wa tofauti unayoitafuta. Huna fedha ya kwenda popote: tumia data zilizokwisha kukusanywa, kama zile za utafiti wa taifa wa afya na demografia wa 2022, na sura yako ya tatu ieleze wao walichaguaje watu, kwa maneno yako mwenyewe.

Vibali. Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inapita kwa Mkurugenzi wa halmashauri, inafika kwa mtendaji wa kata na wa kijiji, na kwenye mwalo ukamwone mwenyekiti wa BMU kabla ya kufungua daftari. Utafiti wa afya unahitaji pia kibali cha kamati ya maadili, na hiyo ina kalenda yake ya vikao, kwa hiyo peleka maombi mapema kuliko unavyodhani. Kibali hakirudi nyuma: ulichokusanya kabla ya tarehe iliyoandikwa juu yake huwezi kukitumia, hata kingekuwa kizuri namna gani.